Ndoo ya Raia wa Heshima

Siku za mavuno, mji wa Hrozín huamka polepole. Ukungu hushuka kutoka milimani, hupita juu ya mashamba ya mizabibu, kisha hulala barabarani. Kila ua una pipa. Kila pipa linanong'ona, kwa maana juisi ya zabibu imeanza kuchacha. Harufu yake huingia hata kanisani. Majuma hayo, hata paka wa Hrozín hutembea upande upande.

Mzee Dobri hakuwa na mizabibu. Yeye alikuwa mkulima wa mboga. Alilima pilipili hoho, nyanya na kabichi kando ya kijito, mahali mji unapoishia. Alizaliwa mbali, huko Bulgaria, katika kijiji cha watu wa bustani. Alikuja Hrozín akiwa kijana, pamoja na mjomba wake, kulima kwa msimu mmoja tu. Akamwona Hermína akichagua nyanya sokoni. Msimu ukaisha, mjomba akarudi kwao, Dobri akabaki.

Sasa alikuwa na mvi. Yeye na Hermína waliishi na binti yao mtu mzima, Zora, ambaye kazi yake ilikuwa kupamba keki dukani kwa mwoka mikate. Majirani wote walimpenda Dobri. Lakini hawakumwita kwa jina. Walimwita Mbulgaria. "Twende kwa Mbulgaria tukanunue hoho," walisema. Hawakuwa na nia mbaya. Dobri alikuwa amelizoea jina hilo, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana kidogo.

Asubuhi moja alikuwa uani akichoma pilipili hoho. Moshi ulipanda, ukachanganyika na ukungu. Dobri aligeuza pilipili kwa koleo huku mawazo yake yakielea. Hakusikia lango likifunguliwa.

"Mbulgaria! Umeamka, au unaota umesimama?"

Alikuwa Vendel Holík, jirani yake, mkulima wa zabibu. Alishika jagi la mvinyo mchanga.

"Nilikuwa naota vizuri," Dobri akasema. "Halafu nikakuona wewe."

"Ota tena, maana leo sikuja kama jirani. Nimekuja kama diwani. Ngoja kwanza nifunge vifungo vya koti." Vendel akafunga vifungo, akakohoa. "Baraza la mji limekaa. Limepiga kura. Mikono yote ilikwenda juu, hata wa yule Gejza, ambaye hupinga hata mvua. Tumeamua uwe Raia wa Heshima wa Hrozín."

Koleo likasimama hewani.

"Mimi? Kwa nini?"

"Anauliza kwa nini! Kiangazi kile mashine ya maji ya mji ilipokufa, nani alifungua kisima chake? Mji mzima ulichota kwako. Nyanya zako zikakauka, watoto wetu wakanywa."

"Maji ni ya kunywa, Vendel. Ningefanya nini kingine?"

"Ungeyauza, kama ambavyo ningefanya mimi," Vendel akasema, akacheka peke yake. "Sasa sikiliza. Utapewa cheo uwanjani, siku ya sikukuu ya mavuno. Lakini kanuni inataka mtu akubali mwenyewe. Nipe jibu kabla ya Jumapili."

"Asante, jirani," Dobri akasema taratibu.

Vendel akaweka jagi mezani, akaenda zake akipiga mluzi. Dobri akabaki amesimama. Pilipili zikaungua, zikawa makaa.

Hermína alitoka nje kwa sababu ya harufu. Alipopewa habari, alipiga makofi.

"Raia wa Heshima! Mume wangu! Basi bili ya maji hatutalipa tena. Na watatupa nafasi kwenye makaburi ya zamani, karibu na wazazi wangu. Zora! Njoo usikie!"

Lakini Dobri alikaa kwenye benchi kama mtu aliyepokea habari za msiba.

"Hermína, hujaelewa," akasema. "Wamenifukuza."

"Wamekufukuza wapi? Wanakupa cheo!"

"Lile bamba la majina pale uwanjani umelisoma? Raia wa Heshima ni akina nani? Balozi. Jenerali. Yule mwimbaji mnene. Walikuja kwa gari, wakala bata bukini na chapati za viazi, wakapigwa picha, wakaondoka. Wote wageni. Hakuna hata mtu mmoja wa hapa." Alielekeza kidole kisimani. "Mtoto wa nyumba akichota maji, nani anampa nishani? Anayepewa nishani ni mgeni. Nimeoa hapa. Nimezeeka hapa. Na leo wameinua mikono wote, wameniambia: asante kwa kututembelea."

Zora, aliyekuwa mlangoni na unga mikononi, akajaribu kumtuliza.

"Baba, huenda si hivyo."

"Tena dukani kwenu wanasema nini? Si wanasema mtu akipata cheo hicho anaacha kupiga kura?"

"Wanasema," Zora akakiri. "Lakini dukani kwetu wanasema pia kwamba mwoka mikate ana mke wa pili Vienna."

Dobri hakucheka. Alisema kwamba atakataa cheo. Kisha akasema neno baya zaidi. Alisema labda ni wakati wa kurudi kijijini kwao, kwa watoto wa mjomba, kabla hajafa kama mgeni. Hermína aliingia ndani akafunga mlango. Alilia, maana alimjua mumewe. Dobri hakuwa mtu wa kutisha watu kwa maneno matupu.

Mchana ule jua lilikuwa hafifu. Dobri akasinzia palepale kwenye benchi. Akaota kwamba mji umezungukwa na ukuta mrefu, kama zamani. Yeye ni kijana tena, amesimama langoni na kifurushi cha mbegu. Kila mtu anapita, hata mbuzi wanapita. Yeye anaulizwa: "Wewe ni wa nani?" Anafungua kinywa, na badala ya sauti inatoka mbegu moja, inaanguka chini. Kisha ya pili. Langoni hakuna mlango uliofungwa. Lakini miguu yake haitaki kuingia.

Alipozinduka, Hermína alikuwa amesimama mbele yake. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

"Inuka, baba Zora. Twende kwa Otília."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza. Wewe unakisia, mimi nakisia, na dukani wanakisia. Yeye anajua. Ukishajua, ukitaka kukataa, kataa. Ukitaka kwenda kwenu, nitakusindikiza hadi stesheni, nitakupiga na mkoba, halafu nitapanda treni na wewe."

Otília alikuwa mwalimu wa historia kabla ya kustaafu. Sasa alitunza jumba dogo la makumbusho ndani ya mnara wa lango la kale. Ukuta wa mji ulikwisha kubomolewa, lakini lango lilibaki. Aliwakaribisha juu, akawapa chai ya maua ya mti uitwao mlindeni. Ndani ya mnara mlikuwa na mwanga mdogo wa kijivu. Ukungu ulikuwa umefika dirishani.

"Naomba kujua jambo," Dobri akaanza. "Nikikubali cheo hiki, kura yangu inapotea?"

"Haipotei. Wewe ni raia wa nchi hii na mkazi wa mji huu kwa mujibu wa sheria. Cheo hiki hakigusi sheria hiyo hata kidogo."

"Na bili ya maji?" Hermína akauliza haraka.

"Mtalipa kama kawaida, Hermína."

"Na nafasi makaburini?"

"Hiyo inaombwa ofisini, kama watu wote."

Hermína akashusha pumzi. "Sasa hiki ni cheo au ni kofia?"

Otília akacheka hadi kikombe kikatikisika. "Nitawaeleza kilikotoka, halafu mtaamua wenyewe. Dobri, tazama juu."

Dobri akatazama. Kwenye boriti za dari zilining'inia ndoo nyingi, nyeusi kwa uzee. Zilikuwa za ngozi. Kila moja ilikuwa na jina lililoandikwa kwa rangi.

"Zamani," Otília akasema, "kuishi ndani ya ukuta hakukukufanya raia wa mji. Wengi waliishi humu bila kuwa raia. Vibarua, watumishi, wapangaji."

"Lakini waliozaliwa hapa walikuwa raia," Dobri akasema.

"Hapana. Mtoto wa raia alikuwa mtoto wa raia, basi. Akikua, alikwenda mbele ya baraza kama mtu mwingine yeyote. Alionyesha kwamba ana kazi na jina jema. Alilipa ada. Alikula kiapo. Halafu alileta ndoo ya ngozi, yenye jina lake."

"Ndoo ya nini?"

"Ya moto. Nyumba zilikuwa za mbao. Kengele ikilia, kila raia alichukua ndoo yake. Walisimama mstari kutoka kisimani, wakapokezana maji mkono kwa mkono. Kuwa raia kulianza na wajibu huo. Haki zilifuata."

"Haki zipi?" Hermína akauliza.

"Kuchagua baraza. Kumiliki nyumba uwanjani. Kuuza mvinyo wako nyumbani. Lile tawi la msonobari ambalo watu hutundika juu ya lango wakati wa mavuno, kuonyesha kwamba wanauza mvinyo, zamani aliruhusiwa kulitundika raia peke yake. Asiye raia akiuza, mvinyo wake ulimwagwa mtaroni."

Dobri alikuwa bado anatazama juu. Akasoma polepole. "Matej Holík. Huyu ni wa ukoo wa Vendel?"

"Ni babu wa mababu zake. Alikuwa mtengeneza mapipa. Alitoka ng'ambo ya milima. Lugha ya hapa aliivunja vibaya, walimcheka sokoni."

"Vendel!" Dobri akasema. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza siku ile. "Vendel Holík ni mgeni?"

"Sisi sote tulikuja, Dobri. Wengine tumesahau tu."

Otília akamwongezea chai. Akaendelea kueleza kwamba siku moja, zamani, kipindupindu kiliingia Hrozín. Wenye farasi walikimbia. Daktari mmoja mgeni, aliyekuwa njiani tu, akabaki. Aliosha wagonjwa, akafunga visima vichafu. Ugonjwa ulipokwisha, baraza likajiuliza litamlipa nini.

"Wakasema: huyu asilipe ada, wala asije kuomba. Sisi ndio tunaomba. Tunaomba awe wetu. Wakampa uraia wa mji, pamoja na haki zake zote. Huyo ndiye Raia wa Heshima wa kwanza wa Hrozín. Unaona, hakikuanza kama asante kwa mgeni anayeondoka. Kilianza kama ombi kwa mtu abaki."

Chini, mkokoteni ulipita na mapipa, mlio wake ukazama ndani ya ukungu.

"Lakini jenerali?" Dobri akauliza. "Na yule mwimbaji?"

"Hapo ndipo tulipoharibu. Baadaye nchi ilitunga sheria moja kwa miji yote. Kila mkazi akapata haki zilezile. Mji ukabaki na jina tupu la kugawa, na jina tupu ni rahisi kugawa. Akija mkubwa, tulimpa ili atupende. Utawala ukibadilika, tulifuta jina lake, tukaandika la mwingine. Lile bamba limekwanguliwa zaidi ya sufuria. Kwa hiyo hukukosea kabisa kukasirika. Uliona jinsi tulivyokitumia cheo, ukadhani ndiyo maana yake."

"Basi kwa nini wasiniite raia tu?"

"Sheria imekwisha kukuita hivyo, miaka mingi. Ila sheria haikumwuliza mtu yeyote kama anakutaka. Safari hii watu wameulizwa. Na unajua nani alilitaja jina lako kwanza?"

Dobri akatikisa kichwa.

"Vendel. Alisimama akasema, 'Dobri Penev.' Gejza akauliza, 'Dobri ni nani?' Vendel akamwambia, 'Ndiye ambaye ulikunywa maji yake mwezi mzima bila kumwuliza jina.'"

Dobri akashika kikombe kwa mikono miwili. Machozi yakamlenga, na hakuyaficha. Hermína akamsogelea, akamwekea mkono mgongoni.

Kisha Dobri akauliza, "Mwalimu, ndoo ya mwisho ililetwa lini?"

"Zamani mno. Hakuna anayedaiwa ndoo siku hizi."

"Kuna kanuni inayonikataza kuleta?"

Otília akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hakuna," akasema.

Jioni hiyo Dobri alipita kwa Vendel. Alimweleza yote, hata lile la kurudi kwao. Vendel akashika kichwa.

"Mimi nilidhani unafurahi kimyakimya! Kumbe mwenzangu unafungasha! Kwa nini hukunitukana tu pale pale, tukamaliza?"

"Nilikuwa mgeni. Mgeni hatukani."

"Na sasa?"

"Sasa nimeona ndoo ya babu yako, wewe mgeni wa ng'ambo ya milima. Kaa ukijua."

Wakacheka mpaka mke wa Vendel akatoka kuona kulikoni. Dobri akasema, "Nakubali. Ila sitakaa jukwaani kwenye viti vya wageni."

Siku ya sikukuu ukungu haukuondoka hata saa nne ilipogonga. Uwanja ulijaa watu, lakini ulionekana kama uwanja wa ndotoni. Nyuso zilitokea na kupotea. Muziki wa matarumbeta ulitoka mahali pasipoonekana. Bata bukini walikuwa wakichomwa, na mafuta yao yalilia juu ya moto.

Meya akaita jina: "Dobri Penev!"

Dobri akatoka katikati ya watu. Alivaa suti yake ya harusi, ambayo haikufunga tena tumboni. Mkononi alibeba ndoo ya ngozi. Fundi wa matandiko ya farasi alikuwa ameishona wiki ileile. Zora alikuwa ameandika jina juu yake kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko uleule mzuri wa keki za harusi. Ndani ya ndoo mlikuwa na maji ya kisima chake.

"Nilisikia kwamba raia wa mji huu walianza hivi," akasema.

Alitaka kuipeleka mwenyewe mnarani. Lakini Vendel alinyoosha mkono akaipokea. Akampa mkewe. Mke wa Vendel akampa mwoka mikate, naye akampa Gejza. Hakuna aliyetoa amri. Watu walijipanga tu ndani ya ukungu, kutoka uwanjani hadi langoni. Ndoo ikaenda mkono kwa mkono. Kila aliyeipokea alisoma jina, na wengi walilisoma kwa sauti. Dobri alisikia jina lake likienda mbali, likipita kwenye midomo ya watu ambao hawakuwahi kulitamka. Alisimama akasikiliza hadi lilipofika langoni, ambako Otília alikuwa juu ya ngazi.

Meya alimpa pia hati na nishani. Dobri alizitia mfukoni, na Hermína akazikuta huko alipokuwa akipiga suti brashi.

Majira yaliyofuata yakawa na kazi. Kanuni ya Hrozín humruhusu Raia wa Heshima kuhudhuria baraza na kusema, ingawa hapigi kura pamoja na madiwani. Balozi na jenerali hawakuwahi kuitumia ruhusa hiyo. Dobri aliitumia. Alikaa kwenye baraza akauliza mji utafanya nini mashine ya maji ikifa tena. Wakakubaliana kuchimba kisima cha umma kando ya bustani yake. Baraza likabadilisha pia namna ya kutoa cheo. Sasa wakazi ndio wanaopendekeza jina, na jina hubandikwa ukumbini mwezi mzima ili kila mtu aseme lake. Na kabla ya kura, Otília huwachukua madiwani mnarani, huwaonyesha dari.

Wapo waliomwita Dobri. Wapo walioendelea kumwita Mbulgaria, kwa mazoea. Yeye aliitika yote mawili, na hakuna lililombana.

Kisha theluji ikaanguka. Dobri alikuwa akitoka kwenye baraza basi lilipofika. Alishuka msichana mmoja na sanduku kubwa, mashavu mekundu kwa baridi. Alikuwa mwuguzi mpya wa zahanati, ametoka mbali, na alikuwa akisoma majina ya mitaa bila kuyaelewa. Akamwona mzee.

"Shikamoo, baba. Samahani, wewe ni wa hapa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Dobri swali hilo. Wote walidhani wanajua jibu. Akafungua kinywa aanze maelezo yake marefu, kisha akaona hayahitajiki.

"Ndiyo, binti yangu," akasema. "Mimi ni wa hapa. Lete sanduku, nikupeleke."